Fundi Mbano na Sauti ya Pili

Wapendwa, kaeni. Na wewe kijana wa benchi la nyuma, hizo hedifoni zitoe masikioni. Leo nasema nawe hasa, usije ukaniambia kesho kwamba hukusikia.

Palikuwa na bwana mmoja katika mji wa baridi, mji wa ndizi na mvua, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaingizia watu nyimbo kwenye simu. Alikuwa na kibanda cha mbao nyuma ya soko, kompyuta moja ya mezani, spika mbili zinazokaribia kuziba mlango, na mdomo. Huo mdomo ndio uliokuwa mtaji. Hujafika hata kwenye kona ya wauza mitumba ameshakuita: "Dada, kadi yako ina giga ngapi? Mbili? Nakuwekea nyimbo elfu moja!" Wenzake wakiweka mia nne wanasema imejaa. Yeye alifikisha elfu kwa sababu alikuwa anazibana. Watu wakamwita Fundi Mbano, naye akalipenda jina hilo, akaliandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango.

Subirini kwanza niwaeleze huku kubana, maana wengi mnadhani ni kama kukunja shati. Shati ukilikunja ukalitia sandukuni, ukifika safari unalikunjua, unalipiga pasi, vifungo vyote vipo. Wimbo sivyo. Wimbo ukitoka studio ni mzito, mmoja unaweza kula nafasi ya ishirini. Ili uwe mwepesi, kompyuta inaupitia na kuamua: hiki kimefunikwa na ngoma, hakuna atakayekikosa, tupa, hiki kiko chini sana, tupa. Ukibana kwa kiasi, hata mwimbaji mwenyewe hajui. Kwaya zinazouza nyimbo mtandaoni nazo hubana kwa kiasi, wala si dhambi. Lakini iko namba inayopima ubora wa sauti, na kila unapozidi kuishusha, kompyuta inazidi kutupa, na ikishamaliza takataka inaanza kutupa mali. Na kilichotupwa hakikuwekwa kwenye pipa fulani kwamba utakwenda kukiokota. Hakipo. Mnanielewa? Hakipo.

Fundi huyu alikuwa na mke, jina lake Tusekile, mwimbaji wa kwaya ya usharika, sauti ya pili. Ninyi wanakwaya mnaijua sauti ya pili. Wa kwanza ndio wanaosifiwa mlangoni baada ya ibada, besi ndio wanaotikisa madirisha, na wa pili hakuna anayewakumbuka mpaka Jumapili wasipokuwepo, watu wanaulizana mbona leo kwaya imekauka. Huyo ndiye Tusekile.

Kwaya ile ikarekodi nyimbo nane. Walihangaika mwaka mzima, wakauza maandazi, wakalima viazi vya watu kwa kibarua, mpaka wakaingia studio. Na wimbo wa nane ulikuwa na mwisho wake wa pekee. Waimbaji wote wananyamaza, kinanda kinafifia, anabaki Tusekile peke yake anaimba mdomo umefumbwa, bila neno hata moja, kwa muda wa pumzi tatu au nne. Hakufundishwa na mwalimu. Aliupata mgongoni kwa mama yake, mama akimbembeleza huku anapalilia migomba. Siku wimbo ulipozinduliwa kanisani, mama yake alikuwa amekaa benchi la pili, akausikia, akalia mpaka wenzake wakamshika mabega.

Nyimbo zikawekwa mtandaoni kwa njia ya halali: mtu analipa kidogo kwa simu yake, anapakua wimbo ukiwa mzima, na kwaya inapata chochote. Kila mwanakwaya akapewa nakala moja kwenye flashi, wakakubaliana kwamba ni ya kusikiliza, si ya kugawa.

Tusekile akaja nayo nyumbani, akaishika mkononi kama kifaranga, akamwambia mumewe, "Mume wangu, hizi si za kibandani. Nimeahidi mbele ya wenzangu."

"Nani kasema za kibandani?" akajibu Fundi Mbano. "Mimi mwizi?"

Kesho yake mkewe alipokwenda mazoezi, flashi ilikuwa kibandani kabla hata ya saa nne asubuhi. Akazibana zile nyimbo nane, namba akaishusha chini kabisa. Kisha katika kila wimbo akatafuta mahali palipotulia, akapachika sauti yake mwenyewe akijitangaza. Na unajua kwa nini alijitangaza? Ili wenye vibanda wengine wasimwibie! Cheka, lakini cheka polepole. Flashi yenyewe akaifuta, akamwekea mteja filamu za ngumi.

Tusekile alipojua hakupiga kelele. Alisema neno moja tu, "Umeniuza," akaingia jikoni, na kwa aibu hakukanyaga kwenye kwaya miezi mitatu.

Mwalimu wa kwaya, mzee mpole mwenye koti moja, akamfuata fundi kibandani. "Fundi," akamwambia, "watu wanapita ofisini kwetu wanacheka. Wanasema wanunue nini na kwako zipo? Tunaomba ututoe kwenye mashine yako."

"Mwalimu, mbona mnanionea? Mimi nawatangazia bure!"

"Kutangaza gani huko? Wewe unapakua. Na hilo neno ni la jikoni, unalijua. Unapakua chungu ambacho hukuchangia hata kuni."

Hapo fundi akacheka kwa dhati, maana alikuwa na jibu. "Chungu cha ugali ukipakua kinapungua, mwalimu. Wimbo haupungui. Napakua mimi, anapakua yule, anapakua mtu wa Tunduma, na chungu kinabaki kimejaa vilevile. Sasa mimi nimechukua nini chako? Nionyeshe pengo."

Mwalimu akaitazama ile mashine. Hakuwa na pengo la kumwonyesha. Nawauliza ninyi, wangapi humu tungeweza kumjibu? Wangapi tunatumia jibu hilohilo, kwenye nyimbo, kwenye vitabu tunavyovitoa kopi, kwenye mahubiri ya wenzetu? Sisi wahubiri tusijifanye hatumo. Mzee akaaga, akaondoka zake.

Mwaka uliofuata Tusekile akaugua. Homa siku tisa, ya kumi akafariki, hawajajaliwa mtoto. Mama yake wakati huo amelazwa hospitali ya mbali, sukari imepanda, hawezi hata kuketi. Hakuzika. Alipotoka huko macho yalikuwa yamezimika yote mawili, na mwanawe wa pekee yuko chini ya udongo ambao hajaukanyaga. Maskini mama wa watu!

Nisimsingizie Fundi Mbano. Alimchukua mkwewe, akamweka nyumbani kwake, akampikia uji, akamsindikiza kliniki kila mwezi kwa miaka sita. Wako watoto wa kuzaa wasiofanya hivyo. Lakini mwaka wa saba daktari akamwita pembeni akamwambia figo za mama zimechoka, mrudishe nyumbani, mpe anachokitaka.

Fundi akaketi kando ya kitanda. "Mama, unatamani nini? Samaki? Nimwite mchungaji?"

"Sitamani chakula, baba," akasema yule mama. "Sura ya mwanangu siioni tena hata nikifumba macho. Imefutika. Iliyobaki ni sauti, nayo inaanza kunikimbia. Wewe si ndiye mwenye nyimbo zote za mji huu? Nitafutie ule wa mwisho, anapobaki peke yake. Nimsikie mara moja, niende."

"Hilo tu, mama? Hilo dogo," akajibu, huku anakijua kilichomo kwenye mashine yake.

Sasa msiniambie kwamba angetafuta kwingine. Alitafuta! Simu ya Tusekile ilikuwa ya kitochi, na siku hizo nani alikuwa anajirekodi akichambua mboga? Video ya harusi ipo, lakini mpiga picha aliifunika yote kwa muziki, hata pale bibi harusi anapokubali unaona midomo inacheza na unasikia tarumbeta. Ikabaki nyimbo zile nane.

Fundi akaanza na ujanja wa kazi yake. Akauchukua ule wimbo mwembamba, akauingiza kwenye programu, akaiamuru iupandishe namba, kutoka sitini na nne mpaka mia tatu na ishirini. Kompyuta haibishi. Ikafanya. Faili lililokuwa na uzito wa mbili likawa na uzito wa kumi, na yule bwana akapiga meza kwa furaha, "Umerudi!" Akabonyeza ucheze. Ulikuwa wimbo uleule, mbovu vilevile. Alikuwa amelinenepesha kwa hewa. Pale palipokuwa na sauti ya pili palikuwa na mkwaruzo, kama mtu anasukutua maji chumba cha pili, na mashine yake haikuwa na namna ya kujua ni nini kilikuwepo pale, kwa sababu yenyewe ndiyo iliyoambiwa ikitupe.

Akatoka mbio kutafuta nakala nzima. Akaenda kwa mama mmoja wa sauti ya kwanza. "Ninazo, fundi, ingia." Akaweka sikio: tangazo la Fundi Mbano. Akaenda kwa mpiga besi, fundi seremala. "Ninazo." Tangazo la Fundi Mbano. Simu za wanakwaya ziliibiwa, zilitumbukia ndoo za maji, flashi zilikufa, na kila aliyepoteza zake alikwenda kuwekewa upya wapi? Palepale nyuma ya soko. Siku nne alizunguka mji mzima, na kila mlango aliofunguliwa alijikuta yeye mwenyewe ndani.

Akamalizia kwa mwalimu wa kwaya. Mzee alimkaribisha, akampa kigoda.

"Mwalimu, nihurumie. Kule mtandaoni bado zipo? Nitalipa mara mia."

"Kulikuwa na ada ya mwaka, fundi. Mwaka wa kwanza walinunua watu saba. Mwaka wa pili hatukuwa na cha kulipia, zikaondolewa."

"Studio je?"

"Tuliyemtegemea alifunga. Kompyuta aliiuza, na aliyeinunua aliifuta."

"Na nakala yako wewe?"

"Yangu iliibiwa pamoja na simu. Nikaja kwako ukaniwekea, hukumbuki? Tena uliniambia mwalimu chukua bure." Mzee akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Fundi, si ulisema wewe mwenyewe kwamba chungu hakipungui? Nenda kakipakue."

Hakusema kwa kebehi, na hilo ndilo lililomuuma fundi zaidi. Akarudi nyumbani anatembea kama mgonjwa.

Mama alikuwa anamngoja. Alikuwa ameomba aketishwe, akaomba afungwe kilemba chake cha kwendea kanisani, mikono ameiweka magotini. "Umeupata, baba?"

Angesema hapana. Jamani, angesema hapana tu! Lakini macho yale yasiyoona yalikuwa yamemwelekea yeye, na alijiambia pengine mama masikio nayo yamechoka, pengine atatosheka. "Nimeupata, mama," akasema. Akaweka simu juu ya mto wa kitanda, akabonyeza.

Wimbo ukaanza. Mama akainamisha kichwa kama mtu anayepokea wageni mlangoni, mmoja mmoja. "Huyo ni sauti ya kwanza, yule binti wa mwinjilisti. Hiyo besi. Hiyo ya tatu." Akatega sikio tena. "Ya pili iko wapi?"

"Ipo, mama. Iko kwa nyuma."

"Nyuma wapi? Nasikia mtu anaongea na maji mdomoni. Huyo si mwanangu." Kisha akainua mkono. "Haidhuru. Mwishoni wote watanyamaza, nitampata."

Fundi alinyoosha kidole ili azime. Mama akakisikia, akaukamata mkono wake, akaushikilia. Hakuwa na nguvu hata ya kushika kikombe, lakini mkono ule aliushikilia.

Waimbaji wakanyamaza. Kinanda kikafifia. Yule mama akaacha kupumua ili asikose kitu.

"KWA NYIMBO KALI ZOTE MJINI! KWA FUNDI MBANO, NYUMA YA SOKO! MBANO! MBANO! TUNABANA ZOTE ZINAENEA!"

Wimbo ukaisha.

Mama akauachia mkono wake. "Huyo nani, baba?"

Yule bwana mwenye mdomo akaizima simu. Kisha akasema, "Ni mimi, mama."

"Na Tusekile?"

"Yuko chini ya sauti yangu."

Mama akaipapasa simu kwa vidole, akaigeuza, kana kwamba kuna kifuniko. Kisha akasema kwa upole, kama unavyomwambia mtoto aliyekalia nguo ya mtu, "Basi ondoka juu yake, baba, nimsikie."

Akalia fundi. Akapiga magoti, akamweleza yote, flashi, ahadi, neno lile moja la mkewe jikoni. Akaeleza kwamba sauti ikishapachikwa juu ya nyingine haiondolewi, zinakuwa kitu kimoja, ukiikata ya juu unakata na ya chini. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakumlaani. Alilala akageukia ukutani, na kilemba chake hakukivua. Siku ya tatu, Alhamisi, akafariki, na katika siku zile zote hakuomba tena kusikia kitu chochote.

Wapendwa, mtaniuliza kama Mungu alimsamehe yule mtu. Alimsamehe. Alitubu kwa machozi, na Mungu wetu hana foleni. Nami nitautangaza msamaha huo hapa kila Jumapili mpaka nife. Lakini sikilizeni vizuri: msamaha ulimfutia fundi dhambi yake, haukumpa yule mama sauti ya binti yake. Alikwenda kaburini bila kuisikia. Sisi tumezoeshwa vibaya. Tunadhani toba ni kama kukunjua lile shati, kwamba tukipiga magoti mambo yatanyooka yawe yalivyokuwa. Kuna yanayonyooka. Na kuna tuliyokwisha kuyatupa, hata Mungu akitusamehe mara elfu tutaishi bila hayo.

Tena tuliyatupa kwa sababu gani? Kwa sababu yalikuwa ya mtu wa nyuma. Hatukumwibia msanii mkubwa mwenye mawakili. Tulimwibia sauti ya pili, tukasema nani ataona pengo. Mfanyakazi wa ndani tunayemkata mshahara, ni sauti ya pili. Mke aliyesomesha mume kwa kuuza vitumbua, na leo mume akisimama kushukuru anajisifu yeye tu, ni sauti ya pili. Tunawabana, na juu yao tunapaza majina yetu, na tunaona tumepata nafasi. Halafu siku moja tunawahitaji, na tunapofungua hatusikii mtu isipokuwa sisi.

Naona baadhi yenu mmeshika simu mifukoni. Vizuri, zishikeni. Humo mna jasho la watu, na wengine mko nao humu ndani, tena wameketi pale kwenye kwaya. Leo ukitoka, ufute wimbo ulioupata kwa wizi, uupakue kwa haki, na mwenye nao alipwe. Ni jambo dogo, nalijua. Lakini anayeshindwa kumlipa mwimbaji kwa wimbo mmoja, atawezaje kumrudishia mjane shamba?

Maana nawajua. Wako humu walioshika shamba la mjane. Wako walioshika sifa ya mtu, cheti cha mtu, jina jema la mtu, na mwenyewe bado yu hai anangoja. Wewe umebahatika kuliko Fundi Mbano, maana chako bado hakijatupwa. Usikilete hapa madhabahuni kwanza. Mpelekee mwenyewe, leo, kabla hujala chakula cha mchana, maana hujui kama Alhamisi atakuwepo wa kukipokea.